Hundi ya Marehemu Arlene

Mtaa wa Sycamore, 214
Harlow Creek, Iowa
9 Juni 2020

Mpendwa kaka Virgil,

Salamu kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje huko Alaska, na kifua cha wifi Connie kimetulia? Sisi tunapumua, na mwaka huu hilo si jambo dogo.

Vyakula vya msiba vililetwa vikaachwa barazani, kila bakuli na jina la mwenyewe. Hakuna aliyeingia kutukumbatia. Makaburini waliruhusu watu kumi tu, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukufika kumzika dada yetu.

Ninalokuandikia hasa ni habari za mwanawe, Tess. Chuo kilipofungwa Machi alirudishwa nyumbani, na kazi yake ya kuosha vyombo bwaloni ikafa hapohapo. Serikali ilipotangaza kuwagawia watu fedha za kupunguza makali ya ugonjwa huu wa korona, tukashukuru. Pango la nyumba ya mama yake lingepatikana.

Hakupata hata senti. Arlene alijaza fomu zake za kodi ya mapato Februari, kama kila mwaka, akamwandika Tess kuwa mtegemezi wake. Aliipenda sana sehemu hiyo. Aliandika lile jina polepole, kahawa mkononi, akaniambia, "Huyu bado wangu." Kumbe mtegemezi halipwi. Na mzazi naye halipwi kwa ajili yake, maana mtegemezi akishatimiza miaka kumi na saba hahesabiwi tena kuwa mtoto. Si mtoto, si mtu mzima. Nilitukana, kaka, sikufichi.

Tess akawapigia simu watu wa kodi, akangoja mpaka sikio likamuuma.

"Pole, binti," mama mmoja akamwambia, "huku inaonekana unamtegemea mama yako."

"Mama nimemzika Jumanne. Namtegemea vipi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Wiki hiyohiyo ikaja hundi ya serikali. Ya Arlene, jina lake lote. Nikamwambia Tess aipeleke benki, nani atajua.

"Wamesema za marehemu zirudishwe, mama mdogo. Sitaki mama aitwe mwizi."

Akairudisha kwa posta.

Mwenye nyumba hajaacha kugonga. Basi jana Tess alianza kazi kiwandani, kilekile cha nyama, palepale mama yake alipoupata ugonjwa. Chuo amekiandikia kwamba harudi. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi afikirie upya.

Nilimkuta mlangoni anafunga kamba za buti za Arlene. Nikamuuliza kama hazimbani.

"Zinanitosha," akasema. "Na mwakani hakuna wa kuniandika mtegemezi. Nitalipwa."

Mpigie, Virgil. Mimi hanisikilizi, wewe anakuogopa kidogo.

Nisalimie Connie, na mwanao Dale na wanawe. Mungu awakinge na baridi ya huko, na huyu mtoto amtoe mle kiwandani akiwa hai.

Dada yako uliyebaki naye,
Lorna