Nilichoandika Pambizoni mwa Karatasi za Babu

Mshauri wangu mpendwa, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si bibi, hata daftari langu la siri sijaliambia: niliandika kwenye karatasi za chuo kikuu ambazo mtu haruhusiwi kuziandika kitu, na sasa kuna msomi ananinukuu bila kujua kwamba ni mimi.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, darasani wananiita Kabati kwa sababu sifunguki, na babu yangu marehemu alikuwa fundi cherehani na katibu wa chama cha mafundi cherehani kwa miaka kumi na minane, na alipofariki familia ikakipa chuo kikuu barua zake zote pamoja na majalada ya chama, ambayo sasa yamepangwa kwenye maboksi kumi na moja ya kijivu, na mimi kama mjukuu nimeruhusiwa kwenda kuyasoma kila Jumamosi asubuhi. Anayeyatunza ni mama mmoja mkali tunayemwita Mama Maboksi, na ukutani kwake pana tangazo: mkoba uache nje, mikono iwe safi, jalada moja kwa wakati mmoja, penseli tu. Napapenda pale kuliko mahali popote duniani, na nikimaliza shule nataka kazi ya Mama Maboksi.

Sasa siku moja nikafungua muhtasari wa kikao kimoja cha chama, umeandikwa hivi: "Katibu alihutubia kwa saa nzima, wajumbe wakatulia tuli." Kwenye orodha ya maboksi wamesifia "mwandiko nadhifu wa katibu", lakini mimi mwandiko ule naujua, ndio uliobandikwa kwenye mlango wa jokofu letu, "Maziwa ni ya mtoto, msinywe", ni mwandiko wa bibi! Nikarudi nyumbani nikamuuliza.

"Bibi, ni kweli babu aliwahi kuhutubia saa nzima?"

Bibi alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Nani, babu yako? Alikoroma saa nzima! Vikao vyote nilikuwa nakaa nyuma namwandikia mimi. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapigana na wino."

"Sasa mbona uliandika alihutubia?"

"We mtoto! Ningeandika katibu kakoroma, ningerudi naye nyumbani vipi?"

Alicheka, lakini baadaye akauliza kama jina lake limo humo kwenye maboksi hata mara moja, na mimi nilikuwa nimeshatafuta, halimo. Basi Jumamosi iliyofuata nikasoma tena tangazo, penseli tu, nikajiambia kumbe kwa penseli inaruhusiwa, na nakuapia niliamini hivyo kwa dakika kumi na tano nzima, nikaandika pambizoni kwa herufi ndogo: "Si kweli. Alikuwa akikoroma. Aliyeandika haya ni mkewe."

Meza ya pili hukaa kaka mmoja anayeandika tasnifu kuhusu chama hicho, Mama Maboksi humwita Daktari Mtarajiwa. Wiki tatu baadaye akafika kwenye jalada lile, akaruka kitini.

"Mama! Njoo uone! Chama kilikuwa na mpinzani wa ndani!"

"Shusha sauti, baba, hapa si sokoni."

Amekwisha andika sura nzima. Anasema aliyeandika pambizoni ni mtu mwoga, mwenye kinyongo, pengine mwenye macho mabovu (mimi navaa miwani, Mshauri), na kwamba kusema mke ndiye aliyeandika yalikuwa matusi ya kumdhalilisha katibu. Akanigeukia, "Mdogo wangu, babu yako alikuwa na adui?" Nikasema, "Labda." Labda! Alhamisi ya mwisho wa mwezi atayasoma hayo mbele ya maprofesa, na amemwalika bibi akae mstari wa mbele, na bibi ameshakata kitambaa cha gauni, hajui kwamba ataketi pale kusikia kazi yake ya miaka kumi na minane ikiitwa matusi. Nimenunua kifutio. Jumamosi iliyopita nilikiingiza ndani kwenye soksi, nikaogopa. Je, nifute?

Wako, Kabati.

JIBU

Kabati, kwanza toa hicho kifutio kwenye soksi.

Sitakuficha, nimecheka mpaka wenzangu wa ofisi ya pili wakaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza. Wewe ni msomaji, unajua fika kwamba "penseli tu" ni kwa daftari lako. Kalamu imekatazwa kwa sababu wino ukidondoka hautoki. Hakuna aliyekukaribisha umjibu marehemu. Hata hivyo, ulimwonea bibi yako uchungu, na hilo sikulaumu. Linaloniudhi ni hiyo "labda". Kijana wa watu alikuuliza uso kwa uso, ukamwongopea kwa neno moja. Ungesema siku ile, yangeisha kwa kicheko.

Usifute. Huyo kijana bila shaka ameshaupiga picha ukurasa huo, na ukifuta utakuwa umeongeza kosa la pili huku bibi akibaki bila lolote. Wala usiandike kikaratasi kisicho na jina ukakipenyeza chini ya mlango. Nawajua watu wa aina yako, mnaona heri kuandika kurasa kumi kuliko kufungua mdomo mara moja.

Mwambie bibi leo, kabla hajamaliza kushona hilo gauni. Jumamosi mwende wote. Kama ana daftari lolote la miaka ile, la vipimo vya wateja au la nini, alibebe. Mwandiko utajieleza vizuri kuliko wewe. Kabla ya boksi lolote kufunguliwa, msalimie Mama Maboksi, useme, "Ni mimi." Maneno mawili tu, hata wewe utayaweza. Anza na yeye, maana karatasi ziko mikononi mwake, halafu mtafiti. Wakikufungia mlango muhula mzima, sema asante, nenda kasome maktaba ya shule.

BARUA YA PILI YA KABATI

Mshauri, nilikwenda. Nilimwamkia Mama Maboksi, nikasema, "Ni mimi," halafu nikavua kiatu nikamkabidhi kifutio. Alikitazama muda mrefu. Akasema kwa miezi miwili nitakaa mbele ya meza yake, ananiona, na sitagusa penseli.

Hakufuta kitu. Aliandika karatasi ndogo kwamba maneno ya pambizoni ni ya mjukuu wa katibu, akaweka tarehe, akaitia ndani ya jalada. Daktari Mtarajiwa alishika kichwa. Nikamwomba radhi kwa ile "labda". Kisha bibi akafungua daftari lake la vipimo kando ya muhtasari, yule kaka akatazama huku, akatazama kule, akaanza kuandika upya palepale. Alhamisi alimtaja bibi kwa jina lake kamili, mara nne. Nilihesabu. Orodha nayo imesahihishwa: mwandishi wa mihtasari ni mke wa katibu.

Ila Jumamosi ile, kabla hatujatoka, bibi aliusoma ukurasa wangu taratibu, akamnong'oneza Mama Maboksi, "Mwanangu, niazime penseli. Huyu mtoto hakumaliza, siku ile mzee alianguka na kiti."

Nilimshika mkono, nikamtoa nje.