Ndege Yangu Imetua Mkongeni

Mabawa, Tanga
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpenzi Salum,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, zikukute karakanani na randa mkononi, mzima wa afya. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mtoto wenu ameshaota meno? Mimi homa ilinishika masika yote, nikakonda mpaka kanzu zangu zikawa kama za kuazima. Sasa nimepona, nakula vizuri, na hapa dukani haijaletwa redio ikanishinda. Najisifu mwenyewe kwa kuwa wewe kunisifu hujui.

Kaa kitako nikupe habari.

Nilikuandikia kwamba nataka kumwoa Mwanaidi wa Kigombe, na kwamba baba yake, Mzee Mwinjuma, alijibu, "Binti yangu simpi mtu mzima anayerusha tiara." Kaka, si tiara ya karatasi. Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi na hariri, haina injini. Huvutwa juu kwa kamba, ikishaachia kamba inaelea kwa upepo. Wewe chini unashika kisanduku cha redio. Ukibonyeza kwa dole gumba, mkia unapinda na ndege inageuka. Usipobonyeza, inakwenda moja kwa moja inakotaka. Wazungu wa mashamba ya mkonge wana klabu ya mchezo huu, na kwa kuwa redio zao zote mimi ndiye fundi wake, safari hii wakaniruhusu nishindane nao kwa ndege niliyoiunda mwenyewe.

Nikasema moyoni, nikitwaa kikombe cha ushindi mbele ya mzee, hataweza tena kuniita mcheza tiara na Mwanaidi atakuwa wangu. Nikampelekea mwaliko.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, uwanjani karibu na Muheza. Palichorwa duara la chokaa, na atakayetua karibu zaidi na katikati ndiye mshindi. Hakuna aliyeingia ndani. Bwana mmoja alikaribia kuliko wenzake, na hata huyo alitua pembeni ya meza ya chai. Mimi nilikuwa wa mwisho, na mzee hajaonekana bado. Ndege yangu ilipanda vizuri, ikazunguka mara tatu pale juu hadi Wazungu wakasimama kuitazama. Nikaanza kuiteremsha taratibu kuelekea duara. Kikombe nilishakiona kabatini kwangu.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Salaam aleikum."

Ni yeye, kaka. Kanzu nyeupe, bakora, na mkono kaunyoosha.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Mkono wa kushoto umebeba kisanduku, wa kulia ndio unaobonyeza. Kumpa mkwe mkono wa kushoto, bora nimtukane. Kumwambia angoje, bora nifunge mizigo nirudi Kilwa. Nikampa wa kulia.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akaung'ang'ania. Unawajua wazee wetu, mkono hauachiwi mpaka salamu ziishe.

"Kazi?"

"Njema, baba."

"Kwenu Kilwa?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Mama yako?"

"Hajambo, ila mguu tu."

"Mguu umefanyaje?"

Kwa pembe ya jicho naiona ndege yangu inalipita duara, inapita juu ya kofia za Wazungu, nao wanapiga kelele, "Hamisi! Geuza! Geuza!" Nami namweleza mzee habari za mguu, tangu ulipoanza kuvimba.

Ikaishia katikati ya mkonge. Mshika mawili, moja humponyoka. Sikufichi, nilitaka kulia. Kikombe kilikwenda kwa bwana wa meza ya chai.

Mzee aliponiachia, alitazama ndege ilikoangukia. Alikunja kanzu yake akaingia nami mkongeni kuitafuta, miiba ikituchoma wote wawili. Tuliikuta bawa moja limetoboka. Akaipapasa ile hariri, kisha akauliza, "Ulikuwa ukiiongoza kwa mkono ule niliokushika?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamuulizia mama yangu."

Akanirudishia ndege yangu. "Leo nilikuja kukukatalia mbele ya watu, usirudi tena mlangoni kwangu," akasema. "Sasa nitaanzaje? Waandikie wa kwenu waje."

Basi ndiyo hii naandika kwa furaha. Kaka, baba hayupo, wewe ndiye baba. Njoo wewe na mjomba, na posa ije kwa adabu zake zote.

Mbusie mama mkono, umwambie mguu wake umeniozesha. Nisalimie shemeji na mtoto, na shangazi aliyesema kwamba Tanga nitapata homa tu, sitapata mke. Mjomba mwambie asisahau joho lake.

Nitawapokea mwenyewe gatini. Na ukifika Kigombe, kaka, mzee akikupa mkono, mwachie aushike, hata nyumba ikiwaka moto.

Mimi mdogo wako, bwana harusi mtarajiwa,
Hamisi