Upande wa Kushoto wa Kichwa

Jumatatu, 12 Februari 1912
Kichwa tena. Kinaanza kabla sijafumbua macho, nikishatapika kinatulia. Kutapika kwenyewe bila kichefuchefu — ghafla tu! Nimekwenda kufundisha hivyo hivyo. Darasa la wanafunzi arobaini, nikaona themanini. Nikafumba jicho moja, wakarudi arobaini. Somo limeendelea.
Naandika Kiswahili, maana nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Mke wangu Neli asijue mapema.

Alhamisi, 22 Februari
Neli kasikia mtoni kwamba nimerogwa na Asajile. Upuuzi mtupu! Asajile ni seremala, jirani na rika langu, kijiji hiki tulikijenga pamoja tukiwa vijana.
Ila najua maneno yametoka wapi. Desemba nilichinja ng'ombe, nyama yote nikawauzia wajenzi wa kanisa. Majirani sikuwaita. Kwetu hilo halifanyiki. Ukila peke yako na majirani wakanung'unika, pumzi yao inakuingia, unaugua. Asajile alinung'unika waziwazi mbele ya watu. Nikamjibu kwa ukali: ng'ombe wangu! Wengine walinung'unikia majumbani, na hao leo hawatajwi.

Jumanne, 12 Machi
Nimerudi kutoka kwa Daktari wa misheni. Mwendo wa siku mbili, na wakati wa kurudi nimebebwa kwa machela. Aibu.
Kanichungulia ndani ya macho kwa kioo chenye tundu, kanigonga magoti, kaniambia nimkamate vidole. Nilimtaka aseme kweli, akasema. Ndani ya fuvu, upande wa kushoto, kuna uvimbe. Unakua, nafasi hakuna, unaukandamiza ubongo. Nikauliza, mbona mkono unaolegea ni wa kulia? Akasema upande mmoja wa ubongo ndio unaoendesha upande wa pili wa mwili. Ajabu hii. Miaka yote nafundisha sikuijua.
Ulaya hufungua fuvu, na wengi hufa mezani. Hapa hana vyombo. Muda gani? Pengine miezi miwili, akasema. Nikamjibu ndaga. Mtu anakutangazia kifo, nawe unamshukuru.

Jumamosi, 16 Machi
Kaka yangu Angetile kaja. Yeye si mtu wa misheni. Nimemweleza habari ya uvimbe, kasikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu. Kisha kasema nikifa watanipasua tumbo, kama baba alivyopasuliwa, waone. Wakiona nimerogwa, Asajile atahama na mkewe na watoto wote, nyumba ivunjwe.
Nikamwambia: tumboni hamna kitu, kaka. Fungueni kichwa. Kanitazama kwa huruma. Kichwa cha mtu hakipasuliwi, akasema, uchawi unakaa tumboni.
Nawajua hawa. Jina wameshalipata, tumbo wanalitaka liwe shahidi tu. Mchungaji amekataza maiti kupasuliwa, lakini Angetile hamsikilizi mchungaji.

Jumapili, 31 Machi
Mkono wa kulia basi. Hii ni kazi ya kushoto, mistari inapanda na kushuka. Neli ananilisha. Naogopa. Nimeandika, haya.

Jumatano, 3 Aprili
Asajile kaja! Mara ya kwanza tangu Desemba. Uji hakuugusa.
Akasema: Mwalimu, siku ile nilikasirika kwelikweli. Huenda ni mimi, bila mwenyewe kujua. Anataka aiseme hasira yake yote na kutema maji, kama desturi yetu ya kupatana, ili nipone. Nikamwambia si wewe, ni uvimbe. Akasema: unajuaje? Daktari ameona jicho tu. Lo! Mtu namtetea, naye ananibishia! Nimefoka mpaka nikatapika.
Nilipotulia nikamwomba radhi ya ile nyama. Nilipaswa kuiomba zamani. Akainamisha kichwa.
Ndipo nikamwambia nililokuwa nalo. Wewe una msumeno. Nikifa, kabla Angetile hajashika kisu, ita watu wote, nifungue kichwa mchana kweupe, waone kwa macho yao. Nitamwambia Angetile mbele ya mashahidi. Hakukubali, hakukataa. Akasimama, akanipapasa kichwa kwa vidole, taratibu, anavyopapasa ubao kutafuta fundo.
"Upande gani, mwalimu?"
Wa kushoto, nikasema.

Ijumaa, 5 Aprili
Leo Ijumaa Kuu. Angetile nimemwita, kaja na wazee wanne. Nimesema yote, maneno yanakwama, Neli akinimalizia. Wazee wakatazamana.
Angetile akauliza kwa upole: na wazo hili la msumeno, ni lako au kakuletea Asajile? Langu, nikasema. Hakuamini. Akawageukia wazee: mchawi asiyetaka tumbo lifunguliwe angesema nini kingine? Akimsogelea ndugu yangu na chuma chake, akasema, mimi sihitaji kupasua tena. Jibu nimepata.
Basi nimemharibia kabisa. Mimi, kwa mdomo wangu.
Neli katoka mbio kumwambia Asajile aende zake upesi. Karudi, anasema Asajile kakaa palepale kizingitini kwake, tupa mkononi, msumeno magotini. Ameyasikia yote. Bado ananoa.