Kawa za Logiri

Arua

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Unaendeleaje huko Juba? Goti linakuruhusu kusujudu sasa, au bado unaswalia kitini? Sisi huku wazima, watoto wanakula na kulala, baba yao anaendelea na cherehani yake pale sokoni. Barua hii nampa mama mmoja wa kanisa anayepanda ndege, maana barabara bado ni ile ile ya risasi. Mwombe kaka Ramadhani akusomee, na mkae chini kwanza.

Nianze na habari za mji. Mama, Arua imechangamka. Ule ukumbi wa zamani wa sinema, uliokuwa hauna mabati wala milango, umeezekwa upya. Kuna gari linazunguka na kipaza sauti tangu asubuhi likitangaza mambo ya wiki ijayo. Ijumaa wataonyesha filamu ya Kihindi, na jenereta imeshaletwa. Jumamosi inakuja bendi ya magitaa kutoka Zaire, na vijana wapiga vinubi vya adungu watawatangulia. Mwalimu mmoja wa shule ataning'iniza picha alizochora kwa mkono wake. Jumapili ni siku ya kina mama: kazi za mikono uwanjani, halafu ngoma yetu ya doluka. Wamenichagua nipige ngoma kubwa. Majirani wanashona nguo mpya na kucheka. Nawatazama tu, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani.

Sasa nikueleze kwa nini.

Bwana Yasini, msimamizi wa mambo haya, aliniomba nisaidie kupokea vitu vya maonyesho. Wanawake wakaja na vyungu, mikeka, vikapu. Wakaja na wengine kutoka Logiri, kule Vurra, wamebeba kawa za kufunikia chakula, zile tabaga zetu hasa, nyekundu na nyeusi na kijani. Nikashangaa, maana Walugbara wa kule hawashoni tabaga. Nikaishika moja. Majani yalikuwa mapya, bado yananukia. Nikaigeuza nione ilikoanzia, na mzunguko wake ulikuwa unakwenda kushoto.

Mama, unajua mwenyewe. Sisi sote tunazungusha kulia. Ni mmoja tu katika nyumba yetu aliyezungusha kushoto, na ulimfunga ule mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka ukachoka, ukamwacha. Nikasema moyoni, dada Halima yuko hai.

Aliyekuwa ameileta ni mwanamke wa rika langu, anaitwa Ayikoru. Nikamuuliza kwa Kiswahili cha sokoni, "Hii kazi ya nani?"

"Yangu, mama. Mimi nilishona."

"Nani alifundisha wewe kuzungusha hivi?"

"Mutu moja alikuwa kwetu. Halima, mutu ya Koboko."

"Iko wapi sasa?"

Aliweka mzigo wake chini kabla ya kujibu. "Hapana iko tena. Homa ilishika yeye wakati ya mvua ile ilipita. Tulibeba yeye na kitanda mpaka dispensari, lakini ilishindwa."

Mvua zile, mama, mimi nilikuwa nimesharudi kutoka huko Juba. Nilikuwa nakaa hapa hapa Arua, nauza mandazi.

Nilimwambia mimi ni mdogo wake. Ayikoru hakulia, wala mimi. Tulikaa juu ya gunia, akanieleza yote. Siku ile tulipokimbia vita, Halima alikuwa amekuja Arua kuuza kawa, unakumbuka. Risasi zilipoanza alikimbia na watu asiowajua mpaka Logiri, na mama yake Ayikoru akampa pahali pa kulala. Mapigano yalipotulia kidogo alikwenda Koboko kwa miguu kututafuta. Alikuta nyumba imeungua, majani yameota mpaka chumbani kwako. Mtu akamwambia sisi sote tulikufa njiani kabla ya kufika mpakani Kaya. Akarudi Logiri.

"Alikaa siku mingi hapana ongea," Ayikoru aliniambia. "Halafu siku moja alikata majani, akaanza kushona. Sisi tulikaa karibu, tukaangalia mikono yake. Yeye hapana ita sisi. Tulijifunza tu."

Mjini hakutaka kuja kabisa. Kila walipomwita alisema mji wa Arua umeshamla vya kutosha.

Juzi nilikwenda Logiri na mume wangu kwa baiskeli. Kaburi liko nyuma ya shamba la muhogo, limezungushiwa mawe, na wanalipalilia. Wale ni Wakristo, mama, lakini walimtafuta Mwislamu mwenye duka barabarani aje awaonyeshe namna ya kumlaza na kumsomea. Walimnunulia sanda nyeupe. Nimesoma Fatiha. Nilingojea machozi, hayakuja. Nilirudi, nikapika, nikaosha sahani. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Usinifikirie vibaya.

Bwana Yasini alizitazama zile kawa akasema zimeshonwa kinyume, akataka kuziweka nyuma, upande wa wageni. Nikamwambia, "Hizi ni kazi za nyumba yetu. Ziweke na zetu, mbele." Akanitazama, akazibeba mwenyewe. Jumapili wanawake wa Logiri watakaa mkeka mmoja na sisi. Ngoma nitapiga, kwa sababu nimeshakubali na hakuna mwingine. Barua hii ikikufikia, huenda mambo yote hayo yamekwisha kupita.

Nisalimie kaka Ramadhani na mkewe, na mama mdogo Sauda, mwambie dawa ya macho nimeitafuta sijaipata. Nisalimie pia yule mzee jirani yenu anayekuchotea maji. Mume wangu anakuamkia, na wajukuu wako wanakushika miguu. Hitima msomeeni huko, nasi tutamsomea huku.

Ayikoru naye anakusalimu. Ananiuliza habari zako kila tukionana, kama unakula, kama unalala, na anapokutaja anasema "mama", si "mama yako". Sijamsahihisha.

Ni mimi mwanao,
Mariamu