Chupa ya Maji ya Kisima

Lewiston, 6 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila usingizi umetuhama. Lucien anaota meno mawili kwa mpigo. Goti lako je? Na ng'ombe?

Nina jambo, usinikunjie uso. Watu wa serikali ya jimbo wanapima mashamba yote yaliyomwagiwa lile tope la kiwanda cha karatasi, mbolea ya bure mliyoishangilia enzi za Babu. Wanasema lina kemikali isiyooza, hukaa hata mwilini miaka na miaka. Hushuka kisimani, hupanda kwenye nyasi, ikaishia kwenye maziwa. Kwa jirani yako Gagnon wameikuta.

Nimekutumia chupa ya maabara. Jaza kwenye pampu ya uani. Na usivae koti lako la mvua, maana kemikali hiyohiyo ndiyo inayolizuia lisilowe, itaharibu kipimo.

Novemba Lucien anatimiza mwaka. Najua unamngojea na kile kikombe cha bati. Nataka anywe, Baba. Lakini kwanza nijue anakunywa nini.

Mwanao,
Noella

Shambani, 19 Septemba

Mwanangu Noella,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe wote arobaini na mmoja wanakula kama mumeo.

Hao wa jimbo hawajui hata ng'ombe anakamuliwa upande gani. Babu yako, mimi, wewe na kaka zako, sote maziwa yetu ya kwanza ya ng'ombe tuliyanywa kwa kikombe hicho tulipotimiza mwaka. Nani kafa? Chupa nimeipeleka, sasa uache kuninung'unikia. Kikombe nimeshakisugua.

Baba yako

Lewiston, 11 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Goti limetulia? Lucien anasimama kwa kushika kiti. Mimi nasinzia huku namnyonyesha.

Majibu yamekuja: hakuna chembe ya ile kemikali. Nilimrusha mtoto juu kwa furaha. Kisha nikasoma mstari wa chini. Wameandika maji yana klorini.

Baba, klorini hutiwa kwenye maji ya mjini. Maji yetu yalikuwa na kutu, hata gauni langu la komunyo yalilitia madoa. Ulijaza wapi?

Sikugombezi. Najua wakiikuta kemikali, gari linalonunua maziwa litaacha kuja, na hutakuwa na sababu ya kuamka alfajiri. Lakini Lucien hakanyagi huko mpaka nipate ukweli. Nakutumia chupa nyingine. Ya tatu haipo.

Mwanao,
Noella

Lewiston, 3 Novemba

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Simu hupokei. Kama umenuna, nuna kwa maandishi, nijue u mzima.

Kila ninapomnyonyesha najiuliza nampa nini.

Noella wako

Shambani, 16 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, sijanuna. Nilikuwa naona haya.

Ile ya kwanza niliijaza kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya misa. Padri alidhani nina kiu.

Ya pili niliijaza siku ileile ilipofika. Mvua ilikuwa inamwagika. Nikavua koti, nikasimama pampuni na fulana. Gagnon akapita na trekta, akapaza sauti: "Armand! Akili imekwenda wapi, mzee?" Nikamwambia, "Nampimia mjukuu kinywaji. Pita zako!" Hakucheka.

Niliwaomba maabara waniletee majibu mimi, yakaja Jumatatu. Kemikali imepita kiwango kinachoruhusiwa mara thelathini. Nikampigia mwenye gari la maziwa mimi mwenyewe, nikamwambia asije. Bado nakamua kila asubuhi, maana ng'ombe hawana habari, kisha namwaga.

Noella, nenda ukapimwe damu, na mtoto naye umpeleke kwa daktari. Umekunywa hapa miaka kumi na minane, na aliyekumiminia ni mimi.

Usimlete Lucien. Nitakuja mimi kwa basi la Jumamosi. Kikombe nakileta. Nunua maziwa dukani, na usiniambie yametoka shamba gani.

Baba yako