Khanga Tulizomtandikia Kasiani

Mjukuu wangu Gaudensi,

Shikamoo yako imenikuta jikoni nasonga ugali. Marahaba, baba. Hapa Ruhuwiko tu wazima, mahindi yamebeba, na mama yako anakusalimu.

Umeuliza kama watu watakuja kukutazama jukwaani wakijua unapenda wanaume. Nikujibu kwa habari ya mdogo wangu, babu yako Kasiani.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba imejaa soko la Majengo, Kasiani alikuwa mwigizaji na mwalimu wa maigizo wa vijana. Aliposema wazi kwamba anapenda wanaume, wazazi waliwakataza watoto wao mazoezi. Hakuhama. Pamoja na vijana watatu waliobaki alitunga igizo la mtoto aliyefukuzwa nyumbani, yeye akaigiza baba. Siku ya onyesho watu walijaa, hata wazazi wale, wakitaka kujionea. Alipopiga magoti kumwomba mwanawe arudi, niliinuka kitini. Nikafungua khanga yangu ya juu, nikaitandika mbele yake kama tunavyomtandikia bibi harusi. Mama mmoja, aliyekuwa wa kwanza kumkataza mwanawe mazoezi, akatandika ya pili. Wengine wakafuata, khanga zikafika mlangoni, Kasiani akazikanyaga zote kwa vigelegele. Jumatatu vijana walirudi, na amewafundisha mpaka ameota mvi.

Khanga yangu ninayo bado, na alama ya kiatu chake. Niambie siku ya onyesho lako, nije nayo.

Bibi yako,
Imelda