Siku Tuliyowapigia Waingereza Kura Yao

Alhamisi, 6 Machi 2008. Satellite, Nairobi.

Jua la leo lilikuwa lile la kabla ya masika, linalochoma utosi na kukausha mate. Niliamka nikiwa mkali kulishinda. Naandika haya jioni katika duka la intaneti la hapa mtaani. Mkono wangu wa kulia umevimba na kila herufi ninayobonyeza inauma. Nastahili.

Hasira ya asubuhi ilitoka London. Jana wabunge wa Uingereza walikataa kuwapa wananchi wao kura ya maoni juu ya mkataba wa Lisbon. Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka kwamba chama kinachotawala kiliomba kura mwaka wa 2005 kikiwa na ahadi mdomoni: Katiba ya Ulaya haitapita kabla wananchi hawajaulizwa. Wafaransa na Waholanzi wakaichinja Katiba hiyo kabla Waingereza hawajaifikia. Wakubwa wa Ulaya wakauokota mzoga, wakauvisha nguo nyingine, wakauita mkataba. Sasa serikali ya London inasema iliahidi kura juu ya katiba, na hii si katiba. Chama cha tatu nacho kikawaagiza wabunge wake wasiseme ndiyo wala la. Nilisikia hayo redioni nikipiga mswaki, nikatema povu ukutani.

Ni watu wale wale! Januari, mitaa yetu ikiungua baada ya uchaguzi, mabalozi wa Ulaya walijipanga mbele ya kamera wakatufundisha kuiheshimu sauti ya mpiga kura. Na kibaya zaidi, walikuwa na haki. Nilitamani kumkaba mtu koo. Mtu yeyote mwenye tai.

Hata hivyo leo ilipaswa kuwa siku njema, kwa sababu leo Ouma alikuwa anarudi nyumbani.

Ouma na mimi tulikaa chumba kimoja chuoni, na baada ya kuhitimu tukapanga nyumba ya vyumba viwili hapa Satellite. Yeye kwao ni Siaya, huko magharibi. Mimi nimezaliwa hapo Waithaka, kwenye shamba alilozikwa babu yangu. Januari vijana wa mtaa walipita mlango kwa mlango wakiuliza majina. Walipofika kwetu nilisimama mlangoni nikawajibu kwa lugha ya mama yangu kwamba naishi peke yangu, huku Ouma amelala kifudifudi chini ya kitanda changu. Kesho yake alihamia Ngara kwa dada yake Akinyi, mama yake Stella, anayeuza nguo za watoto. Tangu wakubwa wetu wapeane mikono juma lililopita nimekuwa nikimsihi arudi. Alitaka jambo moja tu kwangu, nimhakikishie kwamba watu wangu wamepoa.

Nilimhakikishia. Nilimpa neno langu, na mimi ni mtu ninayejivunia neno langu.

Tukapatana tukutane katikati ya jiji, katika ile bustani ya wabishi, saa ya chakula cha mchana. Tungebishana kidogo kama zamani, kisha tungekuja huku pamoja.

Kidogo!

Kwa wasioijua bustani hiyo: wasio na pesa za chakula huja pale kula maneno. Kuna Spika, karani mstaafu wa reli, mwenye filimbi shingoni. Kila msemaji huitwa "mheshimiwa" na ni marufuku kuulizana majina, kwa sababu katika mji huu jina hutangaza kwenu kabla hujatoa hoja. Kanuni hiyo ilikuwa fahari yetu. Nimeisifu katika blogu hii mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayedhani ameivumbua. Ubishi ukikataa kwisha, huamuliwa kwa mlolongo: wasikilizaji hupanga foleni nyuma ya msemaji wanayemkubali, na Spika huhesabu vichwa. Tuliurithi utaratibu huo kwa dhihaka kutoka ule uchaguzi wa miaka ya themanini, ambapo mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi mchana kweupe.

Nilipanda juu ya benchi. Nilisema vizuri, sitajinyima hilo.

"Bunge linalomwogopa mpiga kura wake ni mlinzi anayeliibia duka," nilisema. "Waingereza walitutawala bila kutuuliza. Leo wanatawaliana wao kwa wao bila kuulizana!"

"Mheshimiwa, hiyo Lisboni iko wapi?" mtu akapaza sauti.

"Ureno."

"Ati Mwingereza anaandikiwa sheria Ureno? Hao pia wamekwisha!"

"Kama wanataka kura tuwatumie masanduku zetu," akadakia muuza magazeti aliyekuwa akinishangilia tangu mwanzo. "Zetu hukuja na kura ndani, tayari!"

Tulicheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu kila mmoja wetu ana mtu aliyekufa, au anajua aliyeua.

Ndipo Ouma akapanda benchi la pili. Ni mwembamba, ana miwani, na hana sauti kubwa. Watu humsikiliza kwa kuinama.

"Mheshimiwa mwenzangu anataka watu waulizwe," alisema. "Mimi pia nataka. Lakini uliza watu juu ya mkataba ambao hata mawaziri hawajausoma, na hawatakujibu juu ya mkataba. Watakujibu juu ya Mpolandi aliyehamia nyumba ya pili. Watakujibu juu ya bei ya mkate. Sisi mwaka wa 2005 tuliletewa katiba tukaambiwa ndizi ni ndiyo, chungwa ni la. Nani hapa aliisoma? Tuliangalia nani ameshika tunda gani, tukamfuata."

"Wee, unatuita wajinga?"

"Nawaita watu. Na Waingereza ni watu pia."

Walipiga makofi. Si wengi, lakini nilihisi bustani inageuka kidogo upande wake, na nikaona kwa uchungu kwamba hoja yake ilikuwa imejengwa vizuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa na hasira na ufasaha. Yeye alikuwa amefikiri.

"Mlolongo!" akaita mtu nyuma. "Mlolongo! Na foleni fupi isishinde leo!"

Ouma alishuka akaja kunishika kiwiko.

"Njoro, si leo."

"Unaogopa kushindwa?"

"Naogopa foleni, ndugu yangu. Waambie tumalizie hapa, twende nyumbani."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti ili wasikie. Kisha nikanyoosha mkono wangu wa kulia kama kondakta, kuwaonyesha wanaoniunga mkono pa kusimama. Spika alipuliza filimbi.

Watu walianza kujipanga. Nikageuka kuhesabu kabla ya Spika, kwa uroho, na masikio yangu yakatangulia macho. Foleni nzima nyuma yangu ilikuwa ikinong'ona lugha ya mama yangu. Nikatazama ng'ambo. Nyuma ya Ouma walisimama watu wa magharibi, wote. Yule muuza magazeti alikuwa katikati yao, ananitazama kama hajawahi kuniona. Hakuna aliyeuliza jina la mtu. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Waingereza walikuwa wametoka katika ile bustani na hatukuwaona wakiondoka.

Mtu mmoja tu aliharibu picha hiyo: Macharia, kinyozi wa Ngara anayetunyoa mimi na Ouma tangu tukiwa wanafunzi. Alitoka upande wangu, akavuka nyasi, akasimama nyuma ya Ouma.

"Macharia, umepotea njia?" mmoja wa foleni yangu akamwita. Kanuni ya majina ilikufa hapo.

"Sijapotea. Huyu ameongea ukweli."

"Rudi kwenu, wewe!"

"Kwetu ni Ngara. Na wewe rudi shule!"

Watu wachache walicheka. Aliyeambiwa hakucheka. Alivuka nyasi na kumpiga Macharia kofi lililosikika hadi barabarani. Mmoja wa foleni ya Ouma akajibu kwa chupa ya soda. Baada ya hapo sikuona tena watu, niliona viungo: viwiko, visigino, meno, kidole ndani ya jicho. Mbao za benchi nililokuwa nimesimamia ziling'olewa na kugeuzwa marungu. Mtu alimshika Macharia nywele na kumgongesha uso kwenye ukingo wa saruji, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa utulivu kama anayetwanga. Spika alipuliza filimbi mpaka mtu akamnyang'anya na kumchapa nayo kinywani.

Mimi je? Mtu nisiyemjua alinikamata ukosi wa shati. Nikampiga. Pua yake ilivunjika chini ya vifundo vyangu, nikasikia jinsi inavyovunjika, na nataka niandike kwa usahihi nilichohisi, kwa kuwa usahihi ndio uliobaki. Nilihisi utamu. Wiki nyingi nimekaa juu ya hasira hii, nimeivalisha nukuu na historia ya Ulaya, na sasa ilikuwa imevua nguo zote na ilikuwa nzuri. Nilimpiga tena. Alianguka, nikamfuata chini.

Ouma akaingia kati. Alikuwa amepoteza miwani. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja wazi, akisema, "Njoro, Njoro, basi."

Ngumi yangu iliyofuata ilimpata mdomoni.

Polisi walikuja na moshi wao, tukatawanyika tukilia machozi ya bure. Nilimwona Ouma akivuka barabara, amemshika Macharia begani, wote wawili wekundu vifuani. Sikujua damu ya nani ni ipi. Niliwafuata kwa mbali kama mbwa aliyefukuzwa. Waliingia zahanati moja huko Ngara. Mhudumu ameniambia Macharia ameshonwa paji la uso na huenda asione tena vizuri kwa jicho la kushoto, lile analolikaza akitunyoa. Ouma amepoteza meno ya mbele.

Nilingoja mpaka walipotoka, kisha nikapanda ngazi za jengo analoishi Akinyi, nikabisha. Alifungua mlango wa mbao, akauacha ule wa chuma umefungwa kati yetu. Siku zote huniita "shemeji" kwa utani.

"Njoroge," alisema leo.

"Mama Stella, naomba kumwona."

"Amelala." Alinitazama shati. "Wewe ulikuwa foleni gani?"

Niliuficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Nilikuwa mbele," nilisema.

"Aha. Mbele." Alitikisa kichwa. "Amesema hatakuja tena huko kwenu. Vitu vyake gawa."

"Vyote?"

"Vyote. Hata vitabu. Na amesema usijisumbue na mambo ya meno. Ati ilikuwa bahati mbaya. Ati kulikuwa na vumbi, hukumwona."

Kisha akafunga mlango wa mbao, taratibu, kama mtu aliye na mgonjwa ndani.

Nimerudi Satellite kwa miguu, Ngara hadi hapa, juani. Njia nzima nilijaribu kuupokea msamaha huo. Ni msamaha mzuri. Umejengwa kwa uangalifu, kama kila kitu cha Ouma: vumbi, machafuko, miwani iliyopotea, ngumi isiyo na mwenyewe. Ningeweza kuuchukua na kuishi ndani yake. Baada ya miezi michache angekubali tunywe chai mjini, tungebishana juu ya Ulaya, na meno yake ya bandia yangekuwa kitu tunachokitania.

Lakini nilimwona.

Nilimwona kabla ngumi haijatoka. Niliyajua macho yake yasiyo na miwani, niliisikia sauti yake, nililisikia jina langu. Nilikuwa na muda wa kusimama. Nilimpiga kwa sababu alikuwa amesema kwamba ukiwauliza watu swali moja watakujibu lingine, na mbele ya macho yangu watu wangu walikuwa wakimthibitisha kwa mbao na chupa. Sikuweza kuuvumilia uso wa mtu aliyekuwa sahihi kiasi hicho. Hakukuwa na kabila katika ngumi ile, laiti lingekuwapo ningekuwa na wenzangu wa kugawana nao lawama. Ilikuwa yangu peke yangu, ya msomi aliyeshindwa hoja.

Na hao vijana waliokuja mlangoni kwetu Januari, niliowaita washenzi katika blogu hii kwa aya ndefu zenye vituo vizuri, wana nini ambacho mimi sina?

Nimeona katika kompyuta hii kwamba London bado wanazozana. Wapinzani wanaapa hawatasahau, serikali inasema jambo limekwisha. Nimesoma mistari miwili nikaufunga ukurasa.

Ouma huisoma blogu hii. Ndiyo maana haya sitayachapisha leo, maana itakuwa njia nyingine tu ya kusimama juu ya benchi. Kesho asubuhi nitapanda tena ngazi za Ngara. Sitamwomba arudi Satellite, kwa kuwa neno langu juu ya watu wangu halina thamani tena, na juu yangu mwenyewe halina hata kidogo. Nitamwambia mlangoni, chuma kikiwa kimefungwa kama kitafungwa, kwamba hakukuwa na vumbi. Kisha atafanya atakavyo na msamaha wake.

Kama unayasoma haya, basi amekwisha kusikia.